Kuchafuka kwa Bahari na Kuchafuka kwa Nchi

Katika miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, upepo uvumapo kwa nguvu na mawimbi yakavunjikia miambani tangu Lamu hata Kilwa, mvuvi aliyeshuka ufukweni alfajiri na mshipi wake mkononi hutazama nje kwa kitambo, akarejea nyumbani, na akiulizwa sababu ya kurudi mikono mitupu hujibu kwa maneno mawili tu, kwamba bahari imechafuka. Hapana amwulizaye nani aliyeichafua, wala hapana adhaniaye kuwa taka zimemwagwa majini. Neno hilohilo hutamkwa na msafiri chomboni anaposhika tumbo lake na kusema kuwa roho inamchafuka. Hutamkwa na mzee aliyeketi barazani akiyatazama mawingu meusi yanavyokusanyika upande wa bara. Na hutamkwa na mtangazaji wa redio anapotoa habari za nchi ya mbali au ya karibu ambayo raia wake wametoka njiani, askari wakawakabili kwa bunduki, maduka yakafungwa na akina mama wakawaita watoto wao ndani, naye mambo hayo yote huyakusanya katika jina moja la machafuko. Bahari, tumbo, mbingu na dola vimewekwa chini ya neno moja, nami naona kuwa katika kuviweka hivyo wahenga wetu walifanya kazi ya fikira inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko tuitazamavyo sasa, ambapo neno hili tunalikuta gazetini kila asubuhi na kulipita kama tunavyoipita nguzo ya taa.

Mtu wa mjini akisikia habari ya kuchafuka kwanza hukumbuka nguo na sakafu, na kwa sababu hiyo aghalabu hudhani kuwa bahari na nchi huchafuka kwa istiari tu, yaani kwa kufananishwa na kanzu iliyodondokewa na mchuzi. Dhana hiyo ni nyembamba. Kamusi ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939 na kutumiwa na wanafunzi wengi wa lugha yetu tangu wakati huo, huweka katika fungu moja kukosa usafi na kukosa mpango, na ye yote aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili atashuhudia kuwa mambo ndivyo yalivyo. Mama aingiaye chumbani akakuta mito chini, vitabu juu ya kitanda na viatu mlangoni husema kuwa watoto wamechafua nyumba, ijapokuwa hapana tone la tope mahali po pote. Kilichomuudhi ni vitu kutoka mahali pake. Uchafu, kwa maana hii pana, ni kitu kuwa pasipo pake, na udongo ulio shambani si uchafu mpaka uingie sebuleni. Basi bahari iliyochafuka ni ile ambayo yaliyokuwa chini yamekuja juu na yaliyokuwa juu yamekwenda chini, mchanga umepanda, mwani umeng'oka, na maji yaliyokuwa yakionyesha matumbawe yake kama kioo hayaonyeshi kitu.

Mwilini neno hili lina mambo ya ajabu zaidi. Husema mtu wa pwani, nimechafukwa na moyo, au roho yanichafuka, akikusudia kichefuchefu kile kinachomjia mtu kabla ya kutapika. Lakini akisema kwa ufupi kuwa fulani amechafukwa, huenda akawa na maana ya kuwa fulani ameghadhibika hata haifai kumsogelea. Kutapika na kughadhibika vimepewa mlango mmoja. Jambo hilo halipo katika kitenzi hiki peke yake, maana tunasema pia kuwa nyongo imemtibuka mtu aliyekasirishwa, na kutibua ni kukoroga maji yaliyotulia mpaka tope lililolala chini likapanda juu. Ghadhabu, kwa ushahidi wa maneno hayo, haimjii mtu kutoka nje kama mgeni. Ilikuwamo, imelala, na kilichotoka nje ni mkono uliokoroga.

Nikitazama jamaa za neno hili naona kuwa nyingi zao zimetoka katika maji au katika chungu. Vurugu yatokana na kuvuruga, kazi anayoifanya mpishi atiaye mwiko katika chungu au mtoto atiaye mkono katika dimbwi. Mkorogano ni wa kukoroga. Matata yametoka kwingine, katika uzi uliotatana, na kwa hiyo dawa yake ni kutatua, yaani kuufuatia uzi fundo kwa fundo bila ya kuukata. Neno hilo limesafiri mpaka Kongo, ambako ni la kila siku kwa maana ya ugomvi na taabu. Fujo, nalo, lina nasaba iliyosahauliwa na wengi, nayo ni kufuja, kitendo cha mrithi anayeitapanya mali aliyoachiwa na babaye. Nasaba hiyo yanipendeza kwa sababu hukumu imo ndani yake: mwenye kufanya fujo anapoteza kitu ambacho kilikusanywa kwa taabu na wengine. Marehemu Euphrase Kezilahabi alipoiita riwaya yake ya mwaka 1975 Dunia Uwanja wa Fujo, alichukua neno la mitaani, lililozoea kutajwa na wazazi wakiwakemea watoto na polisi wakiwakemea walevi, akalipandisha daraja likawa sifa ya ulimwengu mzima, na tangu hapo mtu aliyesoma hawezi kulitamka neno hilo kwa wepesi ule wa kwanza.

Ghasia limepata cheo cha serikali. Kwa asili ya matumizi yake, ghasia ni msongamano na zahama, wingi wa watu au wa vitu unaomkosesha mtu nafasi ya kupita na ya kufikiri, na kitenzi chake, kughasi, ni kumsumbua mtu kwa jambo dogodogo lisilokwisha, kama mtoto anayemvuta mama yake nguo ilhali mama anazungumza na wageni. Kutoka katika udogo huo neno limeingia katika jina la Kikosi cha Kutuliza Ghasia cha polisi wa Tanzania, chenye kofia za chuma, ngao na moshi wa kutoza machozi. Nataka msomaji asimame kidogo katika jina hilo, kwa kuwa limefuatisha kitenzi cha kutuliza na nomino ya ghasia, nalo likisemwa lote pamoja huwafanya watu waliotoka njiani waonekane mfano wa watoto waliomsumbua mkubwa wao. Labda baadhi yao ndivyo walivyo. Labda wengine wana dai ambalo kwa miaka mingi wameliandika katika karatasi, wakalipeleka katika ofisi hii na ile, likarejeshwa bila ya kusomwa. Jina limekwisha wahukumu wote sawasawa kabla ya hata mmoja kufungua kinywa.

Kabla nchi haijachafuka, nafsi hutangulia, na hapa lugha yetu ina utajiri ambao wanasiasa wangefaidika nao lau wangeupeleleza. Wasiwasi ni neno la Kiarabu linaloitwa kwa sauti yake lenyewe, mnong'ono, na kila mtoto aliyekaa chuoni amekutana nalo katika sura ya mwisho ya Kurani, ambayo ni miongoni mwa sura za kwanza kuhifadhiwa, mahali ambapo mja hujikinga kwa Mola wake na mnong'onezi anayetia shaka vifuani mwa watu. Mwenye wasiwasi, basi, ni mtu anayenong'onezwa na asiyeonekana. Wahka ni kiu ya moyo inayongojea habari ambayo haijafika, hali ya mama ambaye mwanawe yu safarini na chombo kimechelewa. Jakamoyo ni moyo kukosa mahali pa kukaa. Lakini neno ninaloliheshimu kupita yote haya ni kuhangaika, kwa sababu limechukua mwili na roho kwa mkono mmoja: mtu huhangaika kitandani kwa homa, huhangaika moyoni kwa deni, na huhangaika kwa miguu, akienda huku na huko tangu asubuhi hata jioni kutafuta chakula cha watoto. Ukimwuliza kijana wa Dar es Salaam au wa Mombasa anafanya kazi gani, naye hana kazi ya mshahara, huenda akakujibu kwa utulivu kabisa kuwa anahangaika tu, na jibu hilo ni la haki, maana ndiyo kazi yake, na ni kazi ngumu.

Mahangaiko na machafuko ni maneno mawili ambayo kwa kawaida husikika katika wingi tu, kana kwamba hayawezi kuwa moja. Baina yake kuna njia fupi, nayo yapitwa mara nyingi, lakini wenye mamlaka wamezoea kuona mwisho wake tu. Mahangaiko hayana kelele: mtu anayehangaika hukaa foleni, huandika barua, hukopa kwa jirani, huuza mbuzi, huahirisha ada ya mtoto. Hayo hayaitwi habari. Siku mahangaiko ya watu elfu yanapokutana njiani ndipo hupata jina jingine, wapiga picha wakaja, na waziri akatoa taarifa ya kuwa hali imechafuka ghafla.

Kinyume cha kuchafuka ni kutulia, na hili nalo lina siri yake. Kutulia ni mtoto wa kutua: jua hutua, ndege hutua mtini, mchukuzi hutua mzigo wake chini, na kitu kilichotulia ni kile kilichopata mahali pa kukaa. Shwari, ambalo leo ni jibu la salamu mitaani, ni neno la mabaharia, nalo lilikuwa likitaja bahari iliyolala bila ya upepo. Walio nchi kavu wameliazima, kama walivyoazima la kuchafuka, na kwa hiyo habari njema na habari mbaya zote mbili tunazipima kwa maji. Watanzania wamezidi kuipenda lugha hii ya bahari, maana wameizoea nchi yao kuitwa kisiwa cha amani, na katika hotuba za viongozi wao amani na utulivu hutamkwa pamoja kama mtu na kivuli chake. Nashauri vitu viwili hivi vitenganishwe. Maji ya kisima yaliyotiwa katika mtungi yakaachwa usiku kucha hutulia, na asubuhi hunyweka, lakini tope halikutoka mtungini; limekaa chini, na atakayeuchukua mtungi ule kwa pupa atalikuta kinywani. Huo ni utulivu. Amani ingehitaji mtungi kusafishwa, kazi inayotaka kwanza maji yatibuliwe mbele ya macho ya watu, jambo ambalo wapenda utulivu huliogopa sana.

Sasa nataka kuingia katika sarufi, nami namwomba msomaji asiondoke, maana sarufi hapa ni jambo la haki na dhuluma. Kitenzi cha kuchafua kina mtendaji: mtoto amechafua nguo. Kitenzi cha kuchafuka hakina mtendaji: nguo imechafuka, basi, na aliyefanya hivyo hakutajwa wala hakuulizwa. Kati ya vitenzi hivi viwili pana cha tatu, kuchafuliwa, ambacho hakimtaji mtendaji lakini kimemwekea kiti, kwa kuwa ukisema nguo imechafuliwa kila msikilizaji hungoja herufi mbili ndogo zinazofuata, na, kisha jina. Kiswahili kimejaliwa vitenzi vingi vya namna hii, zua na zuka, tibua na tibuka, pasua na pasuka, na mvuvi wetu anaposema bahari imechafuka amechagua kitenzi cha kweli, madhali kusi halina mtu wa kulishitaki. Mwandishi wa habari naye huchukua kitenzi cha mvuvi akakipeleka mahali ambapo wapo watu. Huandika kuwa machafuko yalizuka katika mji fulani, nyumba kadhaa zikaungua, mali ikapotea na watu kadhaa wakapoteza maisha. Sentensi hiyo inasomeka vizuri, lakini mtu hayumo ndani yake ila maiti. Machafuko yamejichafukia, nayo yamezuka kama mzuka uzukavyo njia panda usiku. Moto umekuja wenyewe. Na marehemu wameyapoteza maisha yao kama mtu apotezavyo funguo. Lau ingeandikwa kuwa nyumba zilichomwa na watu wakauawa, hata kabla ya kumtaja mchomaji na muuaji, msomaji angekwisha anza kuuliza.

Wala si vitenzi tu. Jina lenyewe la tukio hutolewa na mwenye nguvu ya kutoa majina. Watu wa kusini ya Tanganyika walipowainukia Wajerumani katika mwaka 1905, wakiongozwa na imani katika maji aliyoyatoa Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe, watawala waliandika katika vitabu vyao kuwa ni uasi wa wenyeji, na walipoukomesha katika mwaka 1907 kwa risasi, kwa moto wa mashambani na kwa njaa iliyofuata moto huo, waliandika kuwa utulivu umerejea. Wajukuu wa waliokufa hawakulikubali jina hilo. Waliita, na mpaka leo tunaita, Vita vya Majimaji, na neno vita linampa aliyekufa cheo ambacho neno uasi lingemnyima.

Mfano ulio mdogo zaidi kwa idadi, lakini kwangu mimi ulio wazi zaidi, umo Unguja. Wakulima wa Kiembesamaki na vitongoji vya jirani, kusini ya mji, walikuwa wamepoteza ardhi kwa ajili ya kiwanja cha ndege, na jeraha hilo lilikuwa bado bichi serikali ilipotoa amri ya kudungwa sindano kwa ng'ombe wao kuwakinga na kimeta. Daktari wa mifugo aliyekuwa na chombo cha dawa mkononi aliona mnyama na maradhi. Mwenye ng'ombe aliona mkono uleule uliochukua shamba sasa unaingia zizini. Wakakataa. Baadhi yao walishitakiwa, na mwezi wa Julai 1951, walipohukumiwa mjini, umati wa watu ulijaribu kuwakomboa, polisi wakapiga risasi, wakauawa watu. Katika majalada ya serikali ya Kiingereza mambo hayo yaliandikwa kuwa ni ghasia za ng'ombe, jina linalomfanya msomaji wa London atabasamu na kugeuza ukurasa. Watu wa Unguja waliyaita Vita vya Ng'ombe. Maneno haya mawili, ghasia na vita, yanasimulia siku ileile, risasi zilezile na mazishi yaleyale, lakini la kwanza lasema kuwa wanyonge walisumbua, na la pili lasema kuwa walikuwa na jambo la kupigania. Mwenye kutaka kujua mahali ambapo siasa za Unguja za miaka iliyofuata zilianza kuchemka, na aanzie zizini, kabla ya kuziendea ofisi za vyama.

Na miaka iliyofuata ilipewa na wenyewe jina ambalo sijaona la kweli kulipita: zama za siasa. Tangu uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957, siasa ilikuwa katika matamshi ya watu wa visiwani si elimu ya kutawala, ila majira, kama masika au kaskazi, ambayo ndani yake majirani waliacha kuzikana, waume waliwaacha wake, na mteja alimpita muuza duka aliyemzoea akaenda kununua kwa mtu wa chama chake. Magazeti kama Mwongozi na Afrika Kwetu yalikuwa yakitupiana maneno ya kejeli yaliyosomwa kwa sauti mabarazani. Uchaguzi wa Juni 1961 ulipofika, na vyama vikagawana viti, ASP 10, ZNP 10 na ZPPP 3, maneno yakawa yamekwisha fanya kazi yake. Waliuawa watu 68, wengi wao Waarabu, na wengi wao mashambani, mbali na vituo vya kupigia kura. Serikali iliunda tume chini ya Sir Stafford Foster-Sutton kuchunguza. Katika mazungumzo na vitabu, mambo ya Juni huitwa machafuko, na naona kuwa mahali hapa neno limetumiwa ili kuwastahi walio hai, kwa sababu visiwa ni vidogo, aliyeua na aliyefiwa huenda wakasali katika safu moja, na kuna nyakati ambazo kitenzi kisichokuwa na mtendaji huwa ndicho pazia pekee linalowawezesha watu kuendelea kukaa mtaa mmoja. Sithubutu kulilaumu pazia hilo. Nasema tu kuwa pazia hufunika, na kwamba miaka miwili na nusu baadaye, katika mapinduzi ya Januari 1964, yaliyofunikwa yalionekana kuwa hayajatoka mahali pake.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi ilichafuka kwa maana zote za neno hilo. Karibu na Eldoret, katika siku ya kwanza ya mwaka mpya, kanisa la Kiambaa lilichomwa ilhali waliokimbilia ndani yake, wengi wao wanawake na watoto, wakiwa bado wamo. Magazeti yaliandika, na yanaandika hata leo, ghasia za baada ya uchaguzi, jina linalotaja wakati tu, kana kwamba wakati ndio uliokuwa na kiberiti. Mapatano yaliyosimamiwa na Kofi Annan yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, na miongoni mwa matunda yake ilikuwa tume ya Jaji Philip Waki, ambayo ilipokea ushahidi, ikahesabu waliouawa kuwa 1,133, ikaeleza kuwa idadi kubwa miongoni mwao waliuawa kwa risasi za polisi wenyewe, kisha ikafanya jambo ambalo sarufi ya magazeti haikulizoea. Iliandika majina. Majina ya watu waliodhaniwa kubeba dhima kubwa kabisa yalitiwa katika bahasha, bahasha ikafungwa kwa lakiri na kukabidhiwa Kofi Annan, naye mwezi wa Julai 2009, Kenya ilipokuwa haijaunda mahakama ya kuwahukumu, aliipeleka kwa mwendesha mashitaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague. Bahasha ile ilikuwa ni ile “na” inayofuata kitenzi cha kutendwa, na kile kiti kilichokuwa kikingojea jina la mtendaji. Kesi zilizotokana na uchunguzi uliofuata zilisambaratika moja baada ya moja, hata ilipofika Aprili 2016 ikawa hapana mtu mmoja aliyetiwa hatiani na mahakama ile kwa mauaji yale, na waliofiwa wamebaki na kitenzi chao kama kilivyokuwa.

Hata hivyo ripoti ya Waki haikusema kuwa kila kilichotokea kilipangwa. Ilisema kuwa mahali pengine watu waliinuka kwa hasira yao wenyewe, na mahali pengine walikusanywa, wakapewa silaha na kupelekwa; maana yake nchi ilichafuka na ilichafuliwa, yote mawili, na mchunguzi mwaminifu analazimika kukaa na vitenzi vyote viwili. Ni lazima kulisema hili kwa sababu kuna kosa la upande wa pili, ambalo ni la kumtafuta mtendaji hata mahali ambapo hayupo, na serikali za kikoloni zilikuwa mabingwa wake. Mbele yao watu hawakuchafukwa kamwe. Daima walichafuliwa na mtu mmoja aitwaye mchochezi, jina litokanalo na kuchochea moto kwa kusukuma kuni, na ilidaiwa kuwa mtu huyo akiondolewa, jiko litapoa lenyewe. Sheria za uchochezi zilizotungwa kwa dhana hiyo zimerithiwa na dola huru, nazo zimetumiwa juu ya waandishi na wapinzani kwa raha ileile.

Mfano wa kosa hilo ulionekana Mombasa. Januari 1947 wafanyakazi wa mji huo, wa bandarini, wa relini, wa mahotelini na wa majumbani, waliweka zana chini. Walikuwa watu wapatao 15,000, na mji ukasimama kwa siku kumi na ushei. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei ya nguo na ya unga, kodi ya chumba ilikuwa imezidi, na mshahara ulikuwa umebaki nyuma. Katika mji ule hapakuwa na haja ya mtu kumweleza kuli kuwa ana njaa. Chege Kibachia, kijana msomi, akawa kiongozi wa chama chao cha African Workers' Federation na sauti yao. Serikali iliunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, baraza likasikiliza hesabu za matumizi ya wafanyakazi, likaona kuwa malalamiko yana msingi, likaamuru nyongeza ya mishahara. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, serikali ileile, ikiwa imekwisha kiri kwa fedha taslimu kuwa watu walikuwa na sababu yao wenyewe ya kuchafukwa, ilimkamata Kibachia kwa kuwachafua, ikamweka kizuizini Kabarnet, bara ya mbali, akakaa huko kwa muda wa miaka kama kumi.